Yule MC wa kwizi ya Alhamisi anikome kabisa

Wadau niko na moto hata viatu sijavua. Nyote mnamjua, yule wa kofia ya kauboi na maiki inayokwaruza. Jana kwa kwizi akauliza ncha ya kusini kabisa ya Afrika ni gani, mimi mkono juu mbio kama mtoto wa klasi tatu, nikasema Rasi ya Agulhas. Jamaa akacheka KWENYE MAIKI, "Keti chini wewe mtu wa omena, bahari umeionea wapi?"

Mtu wa omena, yaani dagaa wa ziwa. Kwenye maiki. Mama wa kachumbari aliacha kukata kitunguu akanitazama kama mtu amefiwa.

Eti jibu ni Rasi ya Tumaini Jema. Bana! Agulhas iko mbele huko, kama kilomita 150 kusini-mashariki. Hapo Tumaini Jema ni pale Dias, yule baharia Mreno, alipita 1488 amebebwa na dhoruba hata asiione, akaiona akirudi. 1500 akarudi tena akazama pande hizohizo, sasa tumaini jema liko wapi? Na mnara wa taa wa 1860 waliuweka juu sana mpaka ukungu unaufunika, meli ya Wareno, Lusitania, ikagonga mwamba 1911 ndio wakajenga mwingine chini. Huyo MC ndio ule mnara wa kwanza, yuko juu, mwangaza hakuna.

Samaki mzima wa zawadi akaenda meza ya dirishani. Mimi, mtu wa omena, nikalipa boda nikaenda nyumbani njaa.

Jirani_wa_Kondele: Pole sana. Lakini bahari umeionea wapi?

Mwenye uzi: Malindi 2016! Nilipiga picha kwa nguzo ya Vasco da Gama, kwani ile ni dimbwi?

Omera254: Omera usituringie na nguzo. Da Gama alifika Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Wewe hata mkia wa samaki hukupewa 😂

Mkaaji_Nakuru: Watu wa Kisumu mko na ziwa mzima mnalilia ncha ya wenyewe. Sisi huku ziwa lilifura likameza hadi geti la mbuga na hatukufungua uzi.

Nyar_Dunga: Na hiyo joint niliwachia. Nililipa 700 nikaletewa ngege (tilapia) ya China, macho imeingia ndani kama imekaa friji tangu uchaguzi.

Jirani_wa_Kondele: 700?? Na ugali unalipia kando ama?

Nyar_Dunga: Kando. Na sukuma ni vijiko viwili, nilihesabu.

Mwenye uzi: WADAU. MTU WA OMENA. KWENYE MAIKI.

Omera254: Enyewe umenikumbusha, omena ni pesa ngapi gorogoro saa hii?

Nyar_Dunga: Usinunue wiki hii, imenyeshewa kwa nyavu ikianikwa, ni chungu.