Matibabu ya bure, bima au spitali binafsi: Wapemba tunataka kipi?

Mtoa mada, Chake Chake

Assalamu alaykum. Mwezi uliopita nilimpeleka mama spitali ya serikali hapa Pemba. Daktari kamuona bila kumtoza hata senti, nashukuru. Lakini mashine ya kipimo alichoandikiwa ilikuwa mbovu, na dawa mbili kati ya tatu hazikuwapo. Tukaenda kliniki ya mtu binafsi, pesa za karafuu zikaishia huko. Neno "bure" tunalo tangu Mzee Karume alipolitangaza mwaka 1965. Mimi naona binafsi waachiwe kazi, na kila mtu alipie anachotibiwa. Nyinyi mwasemaje?

Mchangiaji, Wete

Pole kwa kuuguza, dada. Mama hajambo sasa?

Kwenye mashine mbovu niko nawe. Kwenye kuwaachia binafsi, hapana, naogopa khasa. Mwaka huohuo wa 1965 Marekani walianzisha bima za serikali, Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini, kwa sababu soko la bima lilikuwa linawaacha watu hao. Wengine wengi bima yao inatoka kwa mwajiri, basi ukiachishwa kazi na bima imekwenda. Hata baada ya sheria yao ya bima ya afya ya 2010, mamilioni bado hawana.

Ila hoja siyo nani mwenye spitali. Ujerumani zimo spitali za serikali, za makanisa na za makampuni, na mgonjwa anaingia na kadi yake tu. Tangu 1883 mfanyakazi na mwajiri wanachangia bima kabla ya maradhi. Uingereza wanatumia kodi tangu 1948. Huko daktari halipwi mlangoni, lakini operesheni ya nyonga unaweza kuingoja miezi. Hilo nalo tuliseme.

Mama yako alilipa siku anaumwa, siku ambayo mtu hana nguvu ya kupatana bei. Hapo ndipo pabaya.

Mtoa mada

Mama hajambo, alhamdulillahi. Lakini kaka, Mjerumani ana mshahara wa kukatwa. Mfuko wetu wa Huduma za Afya hapa Zanzibar nao umeanza na watumishi wa umma, maana mishahara yao ipo serikalini. Mkulima wa Pemba utamkata wapi?

Mchangiaji, Wete

Thailand walikutana na swali hilo. Mwaka 2002 wakulima na wachuuzi wakaingizwa kwa pesa za kodi, mgonjwa akilipa baht 30 tu, pesa ya kwao, kila akienda.

Kwetu mimi naona mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Karafuu kisheria zinauzwa pale, basi kila kilo ikatwe kidogo iende kwenye Mfuko wa Afya. Mkulima hatoi pesa aliyokwisha kuitia mfukoni mwake, na hakuna wa kupita nyumba kwa nyumba kudai. Ila mchumaji analipwa kwa pishi na mwenye shamba, hafiki mizani. Yeye lazima abebwe na kodi, na kadi yake ifanane na ya wengine, asije akapangiwa foleni ya peke yake.

Mchangiaji, Mkoani

Nimewasoma nyote. Wazo la mizani nalipenda, lakini mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu mmoja magunia yanajaa ghala, unaofuata mtu anapata vikapu viwili. Mwaka huo kadi inafungwa? Na baba yangu mvuvi wa ngarawa, samaki wake anawauza ufukweni. Yeye mumemuweka wapi?