Mrejesho: yule mbwa anayerukia watu, Jambiani

Assalam alaykum jamani, mie yule niliyeuliza kuhusu mbwa wangu mdogo wa kulinda shamba, anarukia kila mpita njia mpaka jirani anayekwenda msikitini na kanzu yake ikabidi azunguke njia ya nyuma. Ahsanteni sana nyote.

Kilichofanya kazi ni kumgeuzia mgongo akiruka, humgusi humsemeshi hata kumkemea. Mwanzo akazidisha kweli, bahati mlishanionya. Sasa akiona mtu anakaa kitako mwenyewe, mkia unafagia mchanga, macho kwenye mfuko wangu wa dagaa. Biskuti hakuzijali kabisa, dagaa wakavu ndo mpango, nawaroweka kwanza chumvi itoke halafu nawakatakata vidogovidogo.

Wa kusema nimchape sikumfata, mbwa akishaogopa mkono ukimwita hasogei.

Kuitwa bado nusunusu. Uani anakuja mbio, ila pwani maji yakitoka akaanza kufukuza kaa, ita mpaka koo likauke. Kwa hiyo huko simwachii, namtia kamba ndefu kama mlivyosema, akija mwenyewe anapata dagaa wawili badala ya mmoja.