Naomba ushauri: nimwoneshe kaka filamu hii au niache?
Wakuu habari. Nimemaliza kuangalia Another Year ya Mike Leigh (2010) na bado imenikaa kifuani. Inafuata misimu minne nyumbani kwa wanandoa wanaopendana, lakini anayeumiza ni Mary, anayefanya kazi na mke. Umri unakwenda, ndoa ilishavunjika, glasi ya mvinyo haimtoki mkononi. Ananunua gari akidhani litambadilishia maisha, linageuka mzigo. Mwisho kamera inamganda usoni mezani, wenzake wanapiga stori, sauti zinapotea, yeye kimya. Hakuna mchumba anayebisha hodi dakika za mwisho kama tulivyozoeshwa.

Sasa, kaka yangu mkubwa amepita arobaini, ameachana na mkewe, na siku hizi ukimpigia simu jibu ni "nipo tu". Sinema anapenda kweli. Nahisi akimwona Mary anaweza kufunguka, maana ukimuuliza ana kwa ana anabadilisha mada. Ila naogopa nisije nikamtonesha kidonda.

Nimewaza nianze na Ikiru ya Kurosawa (1952). Nayo nzito, mzee ana saratani ya tumbo, lakini angalau anapata jambo la kupigania: uwanja wa watoto kucheza.

Mliowahi kuishi na mtu wa hivi, mlianzia wapi? Tuangalie pamoja au nimwachie mwenyewe? Vichekesho msinitajie, hivyo anazima mapema na kwenda kulala.