Begi la Idrisa

*Kikundi: Ukoo Wetu*

Idrisa: [picha] Shikamooni wakubwa. Begi jipya hilo! Tochi, koleo ya kukunja ya mfukoni, pawabenki, vifaa vya huduma ya kwanza, vyote humo 😎

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Umeitwa jeshini lini, mbona hukutuaga?

Neema: 😂😂😂

Baba Mdogo Salum: Marahaba. Vitu ulivyobeba havina neno, Idrisa. Neno liko kwenye begi. Madoadoa ya kijeshi, halafu hizo kanda zilizoshonwa safu safu kwa nje. Anayezijua atajua humo mna vifaa vya bei. Asiyezijua atadhani wewe ni askari. Huyataki yote mawili.

Idrisa: Lakini Baba Mdogo, kanda ndiyo za kuning'inizia vifaa

Baba Mdogo Salum: Vitie ndani. Na ukipata safari ya Barbados, huko Karibiani, usilibebe kabisa, kule raia kuvaa madoadoa ni kosa la jinai, hata mtoto.

Shangazi Mwanaidi: Barbados! Mtoto hata nauli ya kuja kwangu hana

Kaka Juma: Mimi natembea na kamera kila siku. Mfuko wake wa dukani niliuacha zamani, una jina la kampuni herufi kubwa, kila mtu anajua kilichomo. Naizungushia shati nene, naitia kwenye begi la kawaida la shule. Mkanda wa shingoni nao una jina, nimebadilisha.

Neema: Idrisa, hiyo koleo yako klipu inang'aa mfukoni. Nimeiona ukiinama.

Idrisa: Basi ninunue begi jeusi, na nguo nyeusi?

Kaka Juma: Nyeusi tii kuanzia buti hadi kofia utaonekana mlinzi wa mheshimiwa. Angalia wenzio wa hapo unapokwenda wamevaaje, vaa hivyo hivyo.

Shangazi Mwanaidi: Na mimi mwenye mkoba tu?

Baba Mdogo Salum: Mkoba wako hauna shida dada, shida ni mkono. Watu wakisongamana unaugusagusa. Ndiyo maana penye kibao cha "jihadharini na wezi wa mifukoni" vibaka hawakosekani. Mtu akikisoma tu, anajipapasa palepale penye pochi. Kibaka hana haja ya kutafuta, kashaonyeshwa.

Shangazi Mwanaidi: Hee! Kumbe nawaelekeza mwenyewe

Kaka Juma: Hela ya matumizi madogo iweke mfuko wa peke yake, Shangazi, ili pochi isifunguliwe mbele za watu. Kwenye basi lililojaa, mkoba mbele ya tumbo, zipu iangalie kwako.

Neema: Na simu jamani. iPod, kile kifaa cha kusikilizia muziki, ilipotoka 2001, waya mweupe masikioni ulitosha kumwambia mwizi kilichomo mfukoni. Leo watu wanasimama ukingoni mwa barabara, simu mkononi, macho kwenye ramani. Ukitaka kusoma njia ingia dukani, au egemea ukuta. Halafu piga *#06#, nakili IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, tarakimu 15, uziache nyumbani. Usizihifadhi kwenye simu hiyo hiyo!

Shangazi Mwanaidi: Nimepiga. Zimetoka mbili, ndo nini?

Neema: Simu yako ni ya laini mbili Shangazi, andika zote

Idrisa: @Mama lile begi la buluu la zamani lipo?

Mama Idrisa: Lipo, limejaa nguo za mdogo wako. Njoo uzitoe mwenyewe na uzikunje.