Naombeni msaada, hili dude la majani linalonuka dagaa kwenye mparachichi ni nini?

Shina_Lowevu: Wakuu habari za asubuhi. Nipo Lushoto kwa mzee, jirani kabisa na msitu wa Magamba, sasa nyuma ya nyumba kuna mparachichi wa zamani na upande wenye kivuli umejaa vitu kama majani makavu ya kahawia, ukubwa wa kiganja, kingo zimejikunja. Juzi mvua imenyesha nikakuta vimelainika vimekuwa vyeusi, nikabandua kimoja nikanusa, dagaa mtupu! Mama anasema ni ugonjwa nikwangue kwa panga. Nikwangue?

JembeKali: Kwangua haraka, wangu uliota hivyo hivyo ukafa.

BiUkungu: Jembe usiutishe umma, huo wako ulishaanza kufa, majani yakapukutika, mwanga ukaingia shinani likeni (kuvu wanaoishi pamoja na mwani au bakteria) zikapata nafasi. Angalia mizizi, maji yakituama parachichi inaoza chini kwa chini. Mleta mada hiyo ni likeni, wengine wanaita kuvumwani, imejishikiza tu kwenye gome, hainyonyi mti. Hebu geuza, chini kukoje?

Shina_Lowevu: Nimemulika na tochi ya simu. Kuna manyoya mafupi kama blanketi, katikati yake vitundu vyeupe vya duara vyenye ukingo. Juu kuna chembechembe nyeusi kama masizi.

BiUkungu: Hivyo vitundu vyenye ukingo ndio kitambulisho, hiyo ni likeni ya jenasi ya Sticta. Kuna nyingine zinazofanana nayo: Lobaria haina. Pseudocyphellaria ina vidoa tu bila ukingo. Na weusi pamoja na harufu ni kwa sababu kuvu wake anaishi na sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, zile likeni zinazoishi na mwani wa kijani zikilowa zinakuwa kijani kabisa. Masizi ndio mbegu zake tuseme, zikimeguka zinaota kwingine. Inaelekea kundi la Sticta fuliginosa ila jina la pili, la spishi, usiandike kwa kuangalia picha tu, waliopima DNA wamekuta spishi kibao zinazofanana humo.

Kariakoo_Kwetu: Mbona huku Dar sijawahi kuziona?

BiUkungu: Hizi Sticta zinataka ukungu, kivuli na hewa safi, magome ya zamani yenye unyevu milimani. Moshi wa magari haziuwezi. Huko utapata likeni zile bapa za kijivu zilizoganda kwenye minazi na miembe.

Shina_Lowevu: Asante sana dada. Mama amekubali tuache, ila panga bado ameliegemeza pale pale shinani.