Naomba ushauri: roboti ya kumeza inaweza kutoa jiwe tumboni?

Mtoto wa Nkuhungu: Wakuu, habari za majukumu. Niko hapa Dodoma mjini. Nina jiwe tumboni, leo siku ya nne, usingizi sina. Kisu nakiogopa. Nimeona video ya roboti ndogo unaimeza kama kidonge, ikifika tumboni inakamata kitu inakitoa. Hapa Bongo ipo wapi na ni bei gani? Naomba majibu, sio matusi.

Zabibu Kavu: Pole mkuu. Shemeji yangu wa Makole alitolewa jiwe la nyongo kwa matundu madogo tu, kesho yake anadai ubwabwa. Balaa lilikuja kwenye michango, kuna ndugu hadi leo hatusalimiani.

Mama Ipagala: Chemsha majani ya mstafeli, kunywa asubuhi na jioni.

Fundi Redio: Hiyo video nadhani ni ya timu ya Daniela Rus, chuo cha MIT Marekani, 2016. Roboti imekunjwa ndani ya kidonge cha barafu. Barafu ikiyeyuka inajikunjua, wanaiongoza kwa sumaku kutoka nje ya mwili. Lengo lao ni vile vibetri vya saa wanavyomeza watoto. Ila walijaribia kwenye tumbo la bandia, usitegemee kuikuta dirishani na bei yake. Mwili wake wameutengeneza kwa utumbo wa nguruwe uliokaushwa, ule wa kuvalisha soseji.

Ustadhi Chang'ombe: Nguruwe?! Astaghfirullah.

Kiti Kirefu: Kitimoto bila ndizi wala pilipili, mnaharibu mambo.

Nesi wa Zamu: Nguruwe pembeni kwanza. Mkuu, jiwe la figo, la nyongo au la kibofu? Nani kakupima? Na unahesabuje siku ya nne? Jiwe la nyongo halina tarehe ya kuzaliwa.

Mtoto wa Nkuhungu: Sijapima.

Nesi wa Zamu: Umejuaje sasa?

Mtoto wa Nkuhungu: Nililimeza.

Kiti Kirefu: 😂😂 Kokoto au tofali?

Mtoto wa Nkuhungu: Rubi. Ya Winza, kule Mpwapwa. Kama punje ya harage. Kabla hamjanihukumu: miezi saba nakula ugali na mlenda wa kukopa, kila mgao mwenye duara, yaani shimo la madini, anasema hela ya dizeli haijarudi. Nimeliona mimi, kwa sururu yangu. Pale wanasachi hadi soksi. Dalali kashanipa advansi laki nne, nimelipa kodi, anataka mzigo Ijumaa. Hospitali siendi, wataita polisi. Jana nimekunywa mafuta ya nyonyo.

Nesi wa Zamu: Nyonyo acha leo hii. Kitu kidogo kisicho na ncha kikishafika tumboni, mara nyingi hutoka chenyewe baada ya siku chache. Piga eksirei tujue kipo wapi. Kikiwa bado tumboni, daktari anaweza kukitoa kwa mpira wa kamera kupitia mdomoni bila kisu. Ukiona maumivu makali, kutapika, homa au damu, kimbia hospitali ya Benjamin Mkapa, ya polisi baadaye.

Fundi Redio: Na ile roboti isingekufaa. Inashika betri kwa sumaku, rubi haishikwi na sumaku.

Mtumishi: Wizi ni wizi hata ukiumeza.

Mzee wa Duara: Mtumishi hujawahi kuingia shimoni. 2008 niliuza pikipiki kwenda Winza, dunia nzima ilikuwa pale. Nilirudi na malaria na karai moja, tena la kuazima.

Kachero: Wakuu, hii CHAI, stori ya kutunga. ID imefunguliwa leo. Mwaka juzi uzi ulikuwa huu huu, jiwe tanzanite, mtu yuko Mererani, advansi laki nne ile ile.

Zabibu Kavu: Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Mtoto wa Nkuhungu: Nimejiunga leo kwa sababu nimemeza wiki hii. Ulitaka nijiunge lini?

Kachero: Tupia picha.

Mtoto wa Nkuhungu: Picha ya nini sasa, mkuu?

Kiti Kirefu: Chai ina tangawizi hii, mimi naongeza kikombe.

Nesi wa Zamu: Chai au sio chai, eksirei kapige.

Mama Ipagala: Mwanangu, mstafeli umeshachemsha?