Kuanza kusikiliza muziki wa dijitali wa ubora wa juu

Mpenda Qanuni, Wete
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina simu ya Android, hedifoni za Bluetooth na MP3 nyingi za taarab ya zamani. Nimeona nyimbo zinauzwa kwa biti 24 na 96 kHz, yaani sauti hupimwa mara 96,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 24. Je, ninunue kwanza kigeuzi cha sauti, yaani DAC, kifaa kinachogeuza namba za dijitali kuwa mawimbi ya umeme ya hedifoni, au nizigeuze MP3 zangu ziwe FLAC?

Fundi Spika, Ng'ambo
Waalaykumu ssalaam. MP3 usizihangaikie, kwa sababu kilichotupwa wakati wa kubana faili hakirudi tena, na utakachopata ni faili kubwa yenye sauti ile ile. FLAC hubana bila ya kutupa kitu, lakini faida yake huonekana pale inapotolewa moja kwa moja kwenye CD au rikodi ya asili. Bluetooth nayo hupunguza. Hata LDAC, njia ya kubana sauti ya Bluetooth inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, haiwezi kupitisha biti 24 na 96 kHz bila ya kupunguza chochote. Anza na hedifoni nzuri za waya, na kama simu haina tundu lake, kigeuzi kidogo cha USB-C kitakutosha.

Bint Chake
Ninakubaliana na Fundi, ila namba hizo zisikutie tamaa. Sikio la binadamu hukomea kwenye 20 kHz hivi, na CD, inayopima sauti kwa 44.1 kHz na hivyo kunasa hadi nusu ya namba hiyo, tayari inalifikia. Biti 24 humfaa zaidi anayerikodi, kwani humpa nafasi ya kurekebisha sauti. Kanda ya kaseti iliyojaa mvumo itakupa mvumo ule ule, tena kwa uaminifu mkubwa! Fikiria pia nafasi: dakika 10 za taarab kwa biti 24 na 96 kHz, kabla ya kubanwa, ni megabaiti 345 hivi, ilhali kwa kiwango cha CD ni 106. Nunua wimbo mmoja, utengenezee nakala ya biti 16 na 44.1 kHz kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, kisha mtu akupigie zote mbili bila ya kukwambia ipi ni ipi. Sikiliza pale uzi wa qanuni unapofifia baada ya kudonolewa, maana ndipo tofauti, kama ipo, ingejitokeza.

Mpenda Qanuni, Wete
Ahsanteni sana. Basi programu ya simu ina athari?

Fundi Spika, Ng'ambo
Inayo. Mara nyingi Android hubadilisha kila kitu kuwa 48 kHz. USB Audio Player PRO huikwepa hatua hiyo na kupeleka faili kwenye kigeuzi kama ilivyo. Ni ya kulipia, kwa hiyo fanya kwanza jaribio la Bint Chake.